Kukarabati Jiko kwa Mikono Yako Huku Mkiendelea Kupika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sebule ukiifunga wiki mbili, watu watakaa kwingine. Jiko ukilifunga, njaa haingoji. Ndiyo maana ukarabati wa jiko huharakishwa kuliko wa chumba chochote, na haraka hiyo ndiyo inayopasua plasta, kubandua rangi na kuangusha vigae. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kusubiri: saruji ikomae, gundi ishike, rangi ikauke. Majibu yafuatayo yanahusu ukuta na sufuria kwa pamoja, kwa sababu familia inayokula vizuri wakati wa kazi haimsukumi fundi wake kuruka siku za kusubiri.

Nianze na kazi ipi, nimalizie na ipi?

Anza na vitakavyofichwa, malizia na vitakavyoonekana. Kwanza bomoa na toa uchafu wote. Kisha pitisha mabomba na nyaya. Baada ya hapo ziba mitaro, piga plasta, uiache ikomae. Dari ipakwe rangi kabla ya kuta, na kuta zipakwe mkono wa kwanza kabla ya makabati kufungwa. Sakafu ikiwa ni ya vigae, ibandike kabla ya makabati ya chini: utakata vigae vichache, na siku ukibadilisha kabati hutakuta shimo sakafuni. Makabati yakishafungwa, kaunta na sinki hufuata, halafu vigae vya ukutani juu ya kaunta, silikoni kwenye kona, na mkono wa mwisho wa rangi.

Watu wengi hukosea kwa kubandika vigae vya ukutani kabla ya kaunta kukaa mahali pake. Kaunta ikija juu au chini kwa mm 10 tu, mstari wote wa vigae unaonekana umepinda.

Kazi ipi nisiiguse mwenyewe?

Kuongeza laini ya umeme, kuhamisha bomba la gesi, na kuvunja ukuta unaobeba paa au ghorofa. Hizo ni za fundi mwenye sifa, hata kama zinaonekana rahisi.

Yapo mambo mengine mawili yasiyotajwa vya kutosha. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, lakini nyumba nyingi za zamani bado zina matabaka yake chini ya rangi mpya. Usiisugue ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Ama uifunike kwa rangi mpya ikiwa imeshika vizuri, ama uisugue ikiwa imelowa na ufute mabaki yote kwa kitambaa chenye maji. La pili ni asbesto, iliyotumika kwenye mabati ya saruji, mabomba na baadhi ya vigae vya sakafu vya zamani. Usiikate, usiitoboe, usiivunje. Ikiwa nzima, haina madhara makubwa. Ikivunjwa, nyuzi zake huingia mapafuni na kubaki humo.

Jiko la muda liweje?

Meza moja imara, plagi moja ya jiko la umeme au jiko la gesi la kichwa kimoja, ndoo mbili za maji safi zenye mifuniko, beseni la kuoshea na ndoo ya maji machafu. Liweke kwenye chumba chenye dirisha linalofunguka, mbali na njia ya kubebea vifusi. Mlango wa jiko linalokarabatiwa ufunike kwa nailoni nene iliyobandikwa juu na pembeni, na chini yake weka taulo lenye maji. Vumbi la saruji husafiri mbali kuliko unavyodhani. Vyombo vifunikwe hata kama kazi inaendelea vyumba viwili mbele.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata siku ya mvua. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na dirisha moja lililo wazi halitoshi kuiondoa.

Nipike nini nikiwa na kichwa kimoja cha jiko?

Chakula cha sufuria moja, na kile kinachoweza kumalizia kuiva bila moto. Dengu ndogo zilizokobolewa hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20 hadi 30: kikombe 1 cha dengu kwa vikombe 3 vya maji, kitunguu 1, nyanya 2, kitunguu saumu, na chumvi mwishoni. Mayai ya kuchemsha huiva kabisa kwa dakika 10 hadi 12 tangu maji yachemke. Mchuzi wa nyama na maharage upike kwa wingi wiki moja kabla ya kubomoa, uvigandishe katika vyombo vya mlo mmoja mmoja. Kwenye nyuzi −18 vitabaki na ladha nzuri kwa miezi 2 hadi 3.

Mbinu tunayoipenda ni kuvika sufuria blanketi. Chemsha chakula kwa nguvu dakika 15, funika kwa mfuniko unaokaza, zungushia taulo nene na mablanketi mawili, uiache saa 2 hadi 3. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, maana chakula kidogo hupoa haraka. Ukiifungua iwe bado ya kuunguza mkono. Chakula kisiteremke chini ya nyuzi 60. Ichemshe tena dakika chache kabla ya kula. Kwa njia hii kichwa kimoja kinapika wali wakati maharage yanamalizia kuiva kwenye blanketi.

Ukuta unatoa unga mweupe. Je, nipake rangi juu yake?

Hapana. Huo ni chumvi iliyoletwa na maji yanayopita ndani ya ukuta. Ukipaka rangi, chumvi itaisukuma na kuibandua. Uondoe kwa brashi ngumu ukiwa mkavu. Ukiuosha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ndani.

Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni cha sm 50 kwa 50 ukutani kwa tepu pande zote, ukiache saa 24. Matone yakitokea upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani: bomba linalovuja, udongo uliopanda juu ya msingi, au mfereji wa paa uliotoboka. Matone yakitokea upande wa chumba, ni mvuke wa kupikia unaogonga ukuta wa baridi, na dawa yake ni kupitisha hewa. Hakuna rangi ya kuzuia unyevu inayoshinda bomba linalovuja nyuma yake.

Nitajuaje ufa ni wa kawaida au ni wa hatari?

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida. Uchimbe kwa ncha ya kisu uwe na umbo la V, futa vumbi, lowesha kidogo, jaza puti, sugua kwa msasa namba 120. Lakini ufa unaopita mm 5, unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, au unaotoka kwenye kona ya dirisha kwa mshazari na kupanuka, ni wa mhandisi. Chora mistari miwili ya penseli kuukata kwenye ncha zake, andika tarehe, uangalie baada ya mwezi. Ukipita alama, nyumba bado inatembea.

Vipimo vya plasta ni vipi, na kwa nini yangu inapasuka?

Kwa ukuta wa ndani, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 hadi 5 za mchanga uliochekechwa. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Mchanganyiko mzuri hukaa juu ya mwiko ulioinamishwa bila kuteleza. Tengeneza kiasi utakachokimaliza ndani ya saa moja. Ulioanza kuganda usiuongeze maji ukautumia tena, kwa sababu hautashika kamwe.

Kagua mchanga kwanza. Jaza nusu ya chupa kwa mchanga, ongeza maji hadi juu na kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, uiache saa 3. Mchanga hutuama chini, udongo juu yake. Tabaka la udongo likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshe au utafute mwingine. Udongo hunywa maji, hunyauka, na kupasua plasta.

Lowesha ukuta mpaka uwe na unyevu bila kutiririka. Ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta kabla saruji haijayatumia. Unene uwe mm 10 hadi 15 kwa mkono mmoja. Pakihitaji zaidi, piga mikono miwili, ule wa kwanza ukiuchora mistari kwa misumari ili wa pili ushike.

Sasa linakuja jambo linaloharibu plasta nyingi kuliko yote. Saruji haikomai kwa kukauka. Hukomaa kwa maji. Ikipoteza maji siku mbili za mwanzo, inabaki ya unga na kujaa nyufa ndogo ndogo. Inyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, dirisha likiwa limezibwa jua lisiingie moja kwa moja. Kisha iache ikauke. Kabla ya kubandika vigae au kupaka rangi, wiki 4 ndicho kipimo salama.

Vaa glavu za mpira. Saruji mbichi ni kali kama magadi, huunguza ngozi polepole bila maumivu ya haraka, na ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi dakika 20 kisha nenda hospitali.

Kwa nini maharage yangu hayalainiki hata baada ya saa tatu?

Kuna sababu nne, na mara nyingi mbili huwa pamoja. Ya kwanza ni uzee: maharage yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka mmoja au miwili, hasa kwenye joto na unyevu, hujenga ugumu usioondoka kirahisi. Ya pili ni maji yenye chokaa nyingi, kwa sababu kalisi hukaza ganda. Ya tatu ni kutia nyanya, ndimu au siki mapema. Asidi huzuia ganda lisilainike. Ya nne ni kutokuloweka.

Yaloweke saa 8 hadi 12 katika maji mara tatu ya ujazo wake. Chumvi kijiko kidogo 1 kwa lita 1 ndani ya maji ya kulowekea husaidia ganda kulainika, kinyume na imani ya wengi kwamba chumvi huyakaza. Mwaga maji hayo, suuza, tia mapya yafunike kwa sm 5. Maji yakiwa ya chokaa, robo ya kijiko kidogo cha magadi ya kuokea inatosha. Ikizidi, maharage yanakuwa uji na ladha ya sabuni.

Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, si chini ya dakika 10, kabla ya kupunguza moto au kuyavika blanketi. Moto mdogo usiofikia kuchemka hauiondoi sumu hiyo, na punje chache zisizoiva hutosha kuleta kutapika.

Nyanya, vitunguu vya kukaanga na viungo viingie pale punje inapopondeka kwa vidole viwili. Kikombe 1 cha maharage makavu hutoa vikombe 2 na nusu hadi 3 vilivyoiva.

Nahitaji vigae vingapi na gundi kiasi gani?

Zidisha urefu kwa kimo, ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, au 15 ukibandika kwa mshazari. Mfano: ukuta juu ya kaunta wenye urefu wa m 3 na kimo cha m 0.6 ni m² 1.8. Vigae vya sm 20 kwa 20 ni 25 kwa kila m², yaani 45. Ukiongeza asilimia 10 ni 50. Gundi kwa mwiko wenye meno ya mm 6 ni karibu kilo 3 hadi 4 kwa m², kwa hiyo andaa kilo 7 hivi.

Angalia namba ya toleo kwenye kila boksi. Vigae vya jina moja lakini toleo tofauti vinaweza kupishana rangi, na tofauti hiyo huonekana vikiwa ukutani tu. Hifadhi vitano au sita vya akiba kwa ajili ya matengenezo ya baadaye.

Hatua za kubandika vigae ukutani ni zipi?

Ukuta uwe mkavu, safi na ulionyooka. Weka ubao wa m 2 juu yake; pengo likizidi mm 3, sawazisha kwanza, maana gundi si ya kujazia mabonde. Rangi ya mafuta ikwanguliwe mpaka plasta ionekane, la sivyo vigae vitakuwa vimeshikamana na rangi wala si na ukuta.

Pima katikati ya ukuta, panga vigae bila gundi, uone vipande vya pembeni vitabaki vya upana gani. Vikiwa chini ya nusu ya kigae, sogeza mstari wa kati kwa nusu kigae. Dakika kumi hizi ndizo zinazotofautisha kazi nadhifu na kazi ya kubahatisha. Chora mstari wa mlalo kwa pima maji. Usifuate kaunta kwa macho.

Koroga gundi, iache dakika 5 hadi 10, koroga tena bila kuongeza maji. Paka eneo la m² 1 au chini yake kwa upande bapa wa mwiko, kisha pitisha meno kwa mistari ya mwelekeo mmoja, mwiko ukiinama nyuzi 45. Bandika kigae kwa kukisukuma mbele na nyuma, kukata mistari hiyo, ili hewa itoke. Tia misalaba ya plastiki ya mm 2 au 3 kati ya vigae ili nafasi zilingane. Gundi ina kama dakika 20 za kuwa wazi, pungufu siku ya joto na upepo. Iguse: ikiwa haiachi alama kidoleni, ikwangue utupe.

Kila baada ya vigae kumi, kibandue kimoja. Mgongo wake uwe umefunikwa na gundi karibu wote. Gundi ikionekana kwenye mistari tu, tumia meno makubwa zaidi au paka tabaka jembamba mgongoni mwa kigae pia. Futa gundi iliyopanda kati ya vigae kabla haijakauka.

Vigae vya kubandikwa kwa gundi ya kisasa visilowekwe ndani ya maji. Desturi hiyo ilitokana na enzi ya kubandika kwa saruji tupu. Kigae kilicholowa hakiruhusu gundi kushika.

Nikigonga, kigae kinatoa sauti tupu. Nifanyeje?

Kimoja au viwili, tena kwenye ukuta usiopata maji, viache. Vikiwa vingi pamoja, au viko karibu na sinki, vitoe sasa: kwangua grauti (saruji laini inayojaza nafasi kati ya vigae) kuzunguka kigae, kivunje kuanzia katikati ukiwa umevaa miwani, safisha ukuta, bandika kipya. Karibu kila mara chanzo ni gundi iliyokauka juu kabla ya kigae kufika, au kubandika kwa madonge matano ya gundi badala ya kuitandaza.

Grauti nijaze lini, na kwenye kona je?

Baada ya saa 24 za gundi. Ichanganye iwe nzito kama siagi, isukume kwa mwiko wa mpira kwa mshazari wa viungo, subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Maji mengi kwenye sponji huosha rangi ya grauti na kuiacha na mabaka meupe.

Kona ambapo kuta mbili hukutana, na mstari ambapo ukuta hukutana na kaunta, usijaze grauti. Hapo pande mbili hutembea tofauti kwa joto na uzito, na grauti itapasuka tu. Tumia silikoni inayozuia ukungu: safisha kwa spiriti, bandika tepu pande zote mbili, minya mstari mmoja bila kukatiza, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, toa tepu papo hapo. Isiguswe na maji kwa saa 24.

Nitajuaje lita ngapi za rangi zinatosha?

Chumba cha m 4 kwa 3 chenye kimo cha m 2.7: mzunguko m 14 mara 2.7 ni m² 37.8. Toa mlango m² 1.8 na dirisha m² 1.8, inabaki 34.2. Mikono miwili ni m² 68.4. Lita 1 hufunika takriban m² 10, kwa hiyo lita 7.

Kwenye plasta mpya, mkono wa kwanza uwe wa rangi ya maji iliyopunguzwa, sehemu 3 za rangi kwa 1 ya maji, ili izame ndani. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye plasta changa ya saruji: ukali wa saruji hugeuza mafuta kuwa sabuni, na rangi hulainika na kunata.

Ukuta wa zamani wa jiko una mafuta hata kama hayaonekani. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza mara mbili, acha siku nzima ukauke. Rangi inayobanduka kama ngozi juu ya jiko, mara tisa kati ya kumi, imepakwa juu ya mafuta.

Makabati ya mbao yanaweza kupakwa upya?

Ndiyo, na ndiyo kazi inayobadilisha jiko kwa gharama ndogo zaidi. Ng'oa milango, weka namba nyuma ya kila mmoja mahali pa bawaba, hifadhi skrubu zake kwenye mfuko wenye namba hiyohiyo. Osha mafuta, sugua kwa msasa 120 kisha 220, futa vumbi, paka praima (rangi ya msingi), sugua kidogo, paka rangi mikono miwili myembamba. Rangi ikishikika kwa mkono kesho yake, bado haijakomaa; ukifunga milango mapema itagandana na fremu. Ipe wiki moja.

Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe. Hupata joto yenyewe yakikauka na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke.

Bomba linadondosha matone hata nikilikaza.

Usilikaze zaidi, utaharibu kikalio, yaani mahali washa ya mpira inapokalia ndani ya bomba. Funga koki kuu, fungua bomba limwage maji yaliyobaki, ziba tundu la sinki ili skrubu isitumbukie. Bomba la kuzungusha mara nyingi: fungua kichwa kwa spana, toa shina, badilisha washa ya mpira iliyo chini yake kwa nyingine ya kipimo kilekile. Paka shina grisi ya silikoni, rudisha. Likiendelea kudondosha, gusa kikalio kwa kidole. Kikiwa na mikwaruzo, kinahitaji kusagwa au bomba kubadilishwa. Bomba la kunyanyua mpini halina washa hiyo. Hubadilishwa katriji nzima, yaani kifaa cha ndani kinachofungua na kufunga maji, na ile ya zamani uichukue mkononi unapoenda kununua.

Kwenye viungo vya nyuzi, zungusha tepu nyeupe ya mabomba mara 3 hadi 5 kufuata mwelekeo wa kukaza. Ukizungusha kinyume, inajikunja na kutoka.

Sinki jipya linanuka.

Kagua kama bomba lililopindwa chini yake lina maji. Maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya mfereji. Kisha pima mteremko wa bomba la kutolea: sm 2 kwa kila m 1.

Kaunta iwe na kimo gani?

Pima kutoka sakafuni hadi kiwiko cha anayepika zaidi, toa sm 10 hadi 15. Kwa watu wengi hutoka kati ya sm 85 na 95. Ukiweza, pale pa sinki pawe juu kidogo, kwa sababu mikono hushuka ndani ya beseni. Kina cha sm 60 hutosha, na makabati ya juu yaanze sm 45 hadi 60 kutoka kaunta.

Rafu ya vyombo itashikaje ukutani?

Plasta haibebi kitu. Skrubu ipite plasta na kuingia ndani ya tofali sm 4 au 5. Toboa kwa keekee ya kipimo cha plagi ya plastiki, mm 8 kwa plagi ya mm 8, puliza vumbi litoke, ndipo upigilie plagi. Usitoboe moja kwa moja juu, chini au pembeni mwa soketi; nyaya hupita wima na mlalo kutoka hapo.

Wali unaungua chini na juu ni mbichi.

Moto umezidi na mfuniko unavuja mvuke. Kwa mchele mrefu, vikombe 2 vioshwe mpaka maji yawe karibu maangavu kabisa, maji ya kupikia vikombe 3, chumvi kijiko kidogo 1, mafuta kijiko kikubwa 1. Yakichemka, teremsha moto uwe mdogo kabisa, funika kwa kitambaa safi chini ya mfuniko, ncha zake zikiwa zimekunjwa juu mbali na moto. Dakika 15, kisha zima, usifunue kwa dakika 10. Wakati huo wa mwisho ndio unaosawazisha unyevu wa juu na wa chini.

Mchuzi wa nyama umekuwa mgumu, au umeungua, au chumvi imezidi.

Nyama yenye mishipa hulainika ikichemka polepole saa 2 hadi 3, kwa sababu mishipa hiyo huyeyuka taratibu. Kwa kilo 1: kausha vipande, vikaange kwa mafungu, maana sufuria ikijaa nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kubadilika rangi. Toa, kaanga vitunguu 3 kwa moto wa wastani dakika 12 hadi 15, tia nyanya 4 mpaka mafuta yajitenge, rudisha nyama na lita 1 ya maji ya moto. Chumvi vijiko vidogo 2, nusu mwanzo na nusu mwisho.

Ukiungua, usikwangue chini. Mimina ulio juu kwenye sufuria nyingine, uonje. Chumvi ikizidi, ongeza maji na mboga zisizo na chumvi. Kiazi hakinyonyi chumvi peke yake. Hunywa mchuzi pamoja na chumvi yake, na kilichobaki kina chumvi ileile.

Chakula kilichobaki kinakaa muda gani?

Kisizidi saa 2 nje ya friji, na saa 1 ikiwa joto limepita nyuzi 32. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi: una vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa, huamka wali ukibaki vuguvugu, na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha friji chini ya nyuzi 5. Wali ulale usiku mmoja tu, mchuzi siku 3 hadi 4, ukipashwa mpaka uchemke.

Lini nirudi kupika kwenye jiko jipya?

Silikoni ikishafikisha saa 24, grauti siku 3, na harufu ya rangi ya mafuta ikiwa haisikiki tena baada ya madirisha kufungwa usiku kucha. Jaza sinki pomoni, liachie kwa mara moja, na pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo chini yake. Viungo vya gesi vipake maji ya sabuni. Povu likifuka, funga mtungi umwite fundi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, kwa hiyo nusa karibu na sakafu. Kisha chemsha sufuria kubwa ya maji kwa nusu saa, mfuniko wazi, uangalie mvuke unakwenda wapi. Ukituama kwenye kona au kwenye kabati la juu, hapo ndipo panapohitaji tundu la hewa au feni, na ni rahisi kulitoboa kabla kabati halijajazwa vyombo.